TOT kwa mfanyabiashara mdogo wa Mombasa: kulipa ni rahisi, mzigo haulingani

Mwenye duka Kongowea hukutana na serikali kwa njia nyingi, lakini kodi ya mauzo, ile ambayo sokoni haina jina jingine ila TOT, humfuata kila mwezi bila kukosa. Ni huduma anayoilipia, kwa hiyo ipimwe kama huduma nyingine: inafikika, inafanya kazi, inakwama wapi, na bei yake ni ya haki? Kwa maswali matatu ya mwanzo TOT ni afadhali kuliko inavyosemwa vibarazani. Kwa swali la bei inaanguka, na hesabu yake haihitaji mtaalamu.

Masharti yenyewe ni mafupi. TOT inamhusu mkazi wa Kenya mwenye biashara ambayo mauzo yake kwa mwaka yanazidi shilingi milioni 1 na hayapiti milioni 25. Kiwango ni 3% ya mauzo ghafi, yaani fedha zote zilizoingia kwa kuuza, kabla hujatoa hata thumni ya mtaji, kodi ya chumba au mshahara wa kijana anayekusaidia. Ritani, yaani fomu ya kutangaza mauzo au mapato, na malipo hufanywa kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kodi hii ilianza kwa 3%, ikashushwa hadi 1% mwaka 2020 wakati wa korona, kisha Sheria ya Fedha ya 2023 ikairudisha 3% kuanzia 1 Julai mwaka huo na kuiteremsha dari kutoka milioni 50. Mapato ya pango hayamo, wala ada za kitaaluma kama za wakili au mhasibu.

Milioni 1 kwa mwaka inasikika kubwa, lakini ukiigawa ni kama 2,740 kwa siku. Kioski cha kona Kisauni chenye unga, sukari na kadi za simu kinaipita bila jasho. Na aliye chini ya hapo asidhani amesahauliwa: TOT haimhusu, ila akiwa na PIN, namba yake ya mlipakodi, bado anatakiwa kuwasilisha ritani ya mwaka kufikia 30 Juni. Akichelewa, faini ya mtu binafsi ni 2,000 au 5% ya kodi anayodaiwa, ile iliyo kubwa.

Milango ya kuingilia

Saiba, duka la intaneti, ndiyo mlango wa mazoea, na ndiyo yenye hatari nyingi. Kosa la kwanza ni la barua pepe. Kijana wa saiba, kwa kuharakisha foleni, anaandika barua pepe yake mwenyewe kwenye PIN yako. Tangu siku hiyo nywila mpya na arifa za madeni zinakwenda kwake. Akihama, umefungiwa nje ya akaunti yako. Kosa la pili ni ritani ya sifuri. Ina mibofyo michache na inamalizika upesi, basi anayelipwa kwa kichwa huipenda. Mtu mwenye mauzo kwenye till ya M-Pesa akiwasilishiwa sifuri, ametoa taarifa ya uongo kwa jina lake, si kwa jina la saiba.

Ukitumia saiba, usitoke bila vitu vitatu: risiti ya kupokelewa ritani, hati ya malipo yenye namba yake, na ujumbe wa malipo kwenye simu. Wengi huondoka na cha kwanza tu wakidhani wamemaliza. Risiti ya ritani inaonyesha kwamba umetangaza. Haionyeshi kwamba umelipa. Kutowasilisha kwa wakati ni faini ya 1,000 kwa mwezi, kuchelewa kulipa ni 5% ya kodi, na juu yake riba ya 1% kila mwezi. Namba ya paybill isomwe kwenye hati yenyewe, isinakiliwe kwenye bango la ukutani ambalo huenda lilibandikwa zamani.

Huduma Centre ya Mombasa, jengo la posta kuu barabara ya Digo, ni mlango wa bure na ndio bora kwa mambo ya PIN: kubadilisha barua pepe, kurekebisha namba ya simu, kuondoa aina ya kodi uliyosajiliwa kimakosa. Nenda na kitambulisho halisi, simu iliyowashwa na nywila ya barua pepe yako, maana maneno ya uthibitisho hutumwa huko na mhudumu hawezi kukufungulia. Wiki ya mwisho ya Juni usiende kama unaweza kuepuka. Mfumo wenyewe huelemewa, na hapo wala si kosa la aliyeko kaunta.

Kwa aliyekwisha kusajiliwa, programu ya simu ya Mamlaka ya Mapato, KRA M-Service, ndiyo nyepesi kuliko zote: unaweka mauzo ya mwezi, inapiga 3%, inakupa namba ya malipo. Tovuti ya iTax inafanya hayo na mengine, kwa mizunguko zaidi. Dosari yake kubwa ni lugha. Soko zima linauza na kununua kwa Kiswahili, Katiba inakiita lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini kurasa za kutangazia kodi ni Kiingereza cha wahasibu. Mtu anayeweza kupiga hesabu ya magunia arobaini kwa kichwa analazimika kumlipa mwingine ambofyolee vitufe. Hiyo nayo ni kodi, ingawa haiingii hazina.

Kabla ya mwezi wa kwanza wa TOT lazima aina hiyo ya kodi iongezwe kwenye PIN. Hapo ndipo mtego mbaya kuliko yote ulipo: usimruhusu mtu akuwekee VAT “kwa sababu utahitaji tenda.” VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni ya lazima kwa mwenye mauzo ya bidhaa zinazotozwa ya milioni 5 na zaidi kwa mwaka. Ukishasajiliwa, ritani yake ni ya kila mwezi hata kama hujauza kitu, na faini ya kuchelewa ni 10,000 au 5%, ile iliyo kubwa. Fundi wa viatu aliyewekewa VAT bila kujua anaweza kukuta mwaka mmoja deni la 120,000 kwa ritani ambazo zingekuwa sifuri zote.

Kwa wepesi wa kutumia, basi, TOT inapata alama nne kwa tano.

Bei yake

Chukua biashara tatu za mjini kwa mfano wa hesabu. Ya kwanza ni duka la unga, mchele, sukari na mafuta, lenye mauzo ya 200,000 kwa mwezi. Bidhaa hizi faida yake ni nyembamba. Tuseme 5%, yaani 10,000. TOT ni 6,000. Ya pili ni kibanda cha viazi karai, bajia na mahamri kinachouza 100,000, na baada ya ngano, mafuta na gesi mwenyewe anabaki na 35,000. TOT ni 3,000. Ya tatu ni fundi cherehani mwenye mapato ya 100,000 ambaye vitambaa huletwa na wateja, basi anabaki na 50,000. TOT yake pia ni 3,000.

Mwenye faida ndogo kuliko wote ndiye analipa kikubwa kuliko wote. Duka limetoa 60% ya faida yake. Kibanda kimetoa chini kidogo ya 9%. Fundi ametoa 6%.

Sasa wapime hao hao kwa viwango vya kawaida vya kodi ya mapato, vile vinavyotumika kwa mwajiriwa: 10% kwa shilingi 24,000 za kwanza za mwezi, 25% kwa 8,333 zinazofuata, kisha 30% hadi kufikia 500,000, na mwishoni hupunguziwa 2,400 kila mtu. Duka lenye faida ya 10,000 lingedaiwa 1,000, msamaha wa 2,400 unaifuta, linalipa sifuri. Kibanda kingelipa kama 2,880, karibu sawa na TOT. Fundi angelipa kama 7,380, zaidi ya mara mbili ya anacholipa sasa. Kwa maneno mengine, TOT inamwondolea mzigo mwenye uwezo zaidi kati ya watatu hao na kuupakia kwa muuza unga.

Kuna ulinganisho mwingine unaouma zaidi. Kampuni inalipa 30% ya faida. Supamaketi yenye faida ile ile ya 5% kwa mauzo inalipa kodi ya mapato sawa na 1.5% ya mauzo yake. Duka la kona linalipa 3%. Kwa bidhaa ile ile, mfuko ule ule wa unga wa kilo 2, mdogo anatozwa mara mbili ya mkubwa, na hana pa kuusukumia, kwani akiongeza bei mteja anavuka barabara. Mpaka wa usawa uko kwenye faida ya 10%. Ukiwa chini yake, kampuni kubwa ina nafuu kukushinda. Karibu kila kitu ambacho maskini ananunua kila siku kiko chini yake.

Mahakama zimewahi kuiangalia hoja ya namna hii. Sheria ya Fedha ya 2020 ilileta kodi ya kima cha chini ya 1% ya mauzo ghafi, iwe biashara ina faida au hasara. Mahakama Kuu ya Machakos ikaifuta Septemba 2021, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo Desemba 2022. Msingi mmojawapo ulikuwa kifungu cha 201 cha Katiba, kinachotaka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Kutoza mauzo kunamfanya mwenye hasara alipe kutoka kwenye mtaji. TOT ina tofauti moja kubwa, kwamba sheria inakuruhusu kujitoa. Lakini haki ambayo mwenye duka haambiwi na yeyote anaposajiliwa inawasaidia wachache.

Utetezi wa TOT una uzito wake na si vizuri kuupuuza. Aliye bila vitabu hawezi kuthibitisha faida, na kumtaka aajiri mhasibu ni kumtoza mara ya pili. Mauzo ni rahisi kuyaona na kuyakagua. Hayo ni kweli, ila hayalazimishi kiwango kimoja kwa muuza sukari na fundi cherehani. Ng'ambo ya Lungalunga, Tanzania imepanga kodi yake ya makadirio kwa ngazi za mauzo, na mwenye kumbukumbu ana hesabu tofauti na asiye nazo. Kenya ingeweza kuweka 1% kwa wauza vyakula na bidhaa za jumla na kuacha 3% kwa huduma zenye faida nene. Isingehitaji mfumo mpya, ingehitaji safu moja zaidi kwenye fomu.

Wenye nyumba

Kodi ya pango iko jirani na TOT na inachekesha zaidi. Anayepokea kodi ya nyumba za makazi kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa 7.5% ya alichopokea, kiwango kilichoshushwa kutoka 10% kuanzia 1 Januari 2024. Ritani ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwenye nyumba ya Kiswahili Majengo yenye vyumba vinane vya 4,000 anapata 32,000 na kulipa 2,400. Mwajiriwa wa mshahara wa 32,000 angelipa kama 2,000 kabla ya kuhesabu makato mengine. Mpaka hapo wanakaribiana. Panda juu sasa: mwenye maghorofa Nyali anayepokea milioni 1 kwa mwezi analipa 75,000. Mwajiriwa wa milioni 1 anakatwa karibu 310,000.

Kweli, mwenye maghorofa ana rangi, mabomba na mkopo wa benki. Lakini mzee wa Majengo naye ana gharama ambayo wengi nje ya Pwani hawaijui. Hapa nyumba na kiwanja mara nyingi vina wenyewe tofauti, na mwenye nyumba analipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja. Kwa mpango huu wa 7.5%, kodi hiyo ya ardhi haitolewi kwenye hesabu. Anatozwa hata kwa fedha zinazopita mikononi mwake kuelekea kwa mwingine.

Dongo Kundu nako, mwekezaji ndani ya eneo maalum la kiuchumi analipa 10% ya faida kwa miaka 10 ya mwanzo na 15% kwa 10 inayofuata. Sababu ni ajira na mauzo ya nje, na hoja hiyo inajadilika. Kisichojadilika ni kwamba yeye anatozwa faida, na muuza unga anatozwa mauzo.

Kujitoa kwenye TOT

Kwa biashara ya faida nyembamba hii ndiyo sehemu yenye pesa ndani yake. Kifungu cha 12C cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinamruhusu anayestahili TOT kuchagua kutotozwa kwa kumwandikia Kamishna. Barua iwe na jina, PIN, aina ya biashara na mwezi ambao unataka mabadiliko yaanze. Peleka nakala mbili, moja irudi na muhuri. Kisha hakikisha kwenye PIN kwamba TOT imeondolewa na kodi ya mapato ya mwaka imebaki. Mpaka TOT itoke pale, mfumo unaendelea kudai ritani ya kila tarehe 20 na kukuandikia 1,000 kwa kila mwezi.

Nani ajitoe? Kwa mauzo ya 100,000 kwa mwezi, kodi ya kawaida inakuwa nafuu faida ikiwa chini ya takriban 35,400. Kwa mauzo ya 200,000, mpaka ni takriban 45,400. Ukiwa juu ya hapo kaa kwenye TOT na ushukuru.

Gharama ya kujitoa ni kumbukumbu. Daftari la kila siku lenye mauzo, manunuzi, ushuru wa kaunti, usafiri wa mzigo, kodi ya kibanda na mishahara, likitunzwa kwa miaka mitano. Ushuru unaotozwa kwa gunia Kongowea, ambao TOT haiujali, hapa unatolewa kwenye faida. Lakini tangu 1 Januari 2024 gharama nyingi hazikubaliwi bila ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, na ankara hiyo lazima iwe na PIN yako wewe mnunuzi. Itaje PIN kabla muuzaji hajachapisha. Ukirudi kesho akurekebishie, utapoteza asubuhi nzima. Mishahara na riba za benki haziko chini ya sharti hilo.

Kwa upande wako wa kuuza, huhitaji mashine. Piga *222#, fuata menyu mpaka eTIMS, ankara inatoka kwa simu ya kawaida mradi namba hiyo ndiyo iliyo kwenye PIN. Shida ya zamani ilikuwa mkulima wa maembe kutoka Kilifi ambaye hana eTIMS wala hajui ni nini. Tangu 27 Desemba 2024 sheria inamtaka mnunuzi mwenyewe atoe ankara hiyo kwa niaba ya muuzaji ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5. Haya ni marekebisho ya maana, na wanunuzi wa jumla wengi sokoni wangenufaika nayo wakiyajua.

Mchanganyo wa fedha ndio unaoharibu hesabu za wengi, kwa TOT na kwa kodi ya mwaka vilevile. Till ya M-Pesa ikipokea mauzo, michango ya chama na fedha za mtoto aliyeko Doha, ukaguzi utaiona jumla moja. Till ibaki ya mauzo tu, mengine yapitie namba ya kibinafsi. Kwa wakala wa M-Pesa, mauzo yake ni kamisheni. Floti, fedha anazozungushia wateja, si yake.

Tarehe nazo zina mtego. Ritani ya mwaka ni 30 Juni, ila kodi yenyewe inatakiwa ilipwe kufikia 30 Aprili. Anayelipa Juni pamoja na ritani amekwisha kuchelewa. Kodi ya mwaka ikizidi 40,000 inalipwa kwa awamu nne: 20 Aprili, 20 Juni, 20 Septemba na 20 Desemba. Haki ya bei kwa TOT kama ilivyo leo inapata alama mbili kwa tano, na moja kati ya hizo mbili ni ya huu mlango wa kujitoa.

Ukitumiwa makadirio ya kodi usiyokubaliana nayo, una siku 30 za kuandika pingamizi. Taja hasa ni kiasi gani unakataa na kwa nini, weka viambatisho, na lipa sehemu ambayo hubishi, kwani pingamizi bila malipo hayo halihesabiwi kuwa halali. Kamishna ana siku 60 za kuamua. Uamuzi ukiwa dhidi yako, una siku nyingine 30 za kukata rufaa kwenye Baraza la Rufani za Kodi (Tax Appeals Tribunal).